Kwenda Kolo kuona michoro, usiishie kuona madoa

Shemeji yangu alikuja Dodoma kutoka Dar kwa treni ya SGR, akakaa siku mbili, akaangalia majengo ya serikali, akala zabibu, kisha akaniuliza, "Sasa shem, huku kwenu kuna nini kingine?" Mimi ni Mrangi wa Kondoa, fundi cherehani karibu na Soko la Majengo. Swali lile liliniuma. Kesho yake nikafunga kibanda, tukapanda basi. Tulifika Kolo, kijiji cha Kondoa chenye michoro ya kale kwenye miamba, jua la utosi, tukapanda kilima tukihema, tukautazama mwamba dakika kumi, tukashuka. Akasema ameona madoa. Na kusema kweli, hata mimi siku ile niliona madoa.

Tangu hapo nimerudi mara nyingi, na yeye nimemrudisha. Mgeni akinijia sasa namwambia hivi.

Usiende na kurudi siku hiyohiyo. Ondoka Dodoma mchana, lala Kondoa mjini, Kolo uende asubuhi. Kutoka stendi kuu ya Nanenane, tafuta basi la Kondoa, au la Babati na Arusha linalopita Kondoa. Ni kama kilomita 160 na lami ni yote, siyo kama zamani tulipokuwa tukishuka tumekuwa weupe kwa vumbi. Kaa dirishani. Makutupora utaona mashamba ya zabibu, mbele yake ni mibuyu na mbuga kavu. Ukikaribia Kondoa, vilima vya Irangi vinaanza, na makorongo yaliyochimbwa na maji hadi ardhi nyekundu ikabaki wazi. Mmomonyoko huo ndio uliofanya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO kama tunavyouita, uanze mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Ng'ombe wa babu walipelekwa kwa ndugu tambarareni. Mpaka anafariki alikuwa akiwataja mmoja mmoja kwa rangi.

Kondoa gesti hazikosekani. Usiku waulize wazee habari za Vita vya Kwanza vya Dunia: Mei 1916 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alijaribu kuutwaa tena mji huu kutoka kwa jeshi la van Deventer wa Afrika Kusini, akashindwa. Uongo na ukweli utavipata kwenye sahani moja, hasa ukifika kwenye dhahabu inayosemekana Wajerumani waliifukia. Wapo wanaoiamini kiasi cha kwenda na majembe kuchimba chini ya miamba yenye michoro. Ukialikwa kwenye uchimbaji huo, kataa.

Asubuhi panda gari la kuelekea Babati, ushuke Kolo, kilomita ishirini na kitu. Ofisi ya michoro iko hapo kijijini. Lipa, dai risiti, chukua mwongozaji. Usijidai unajua njia. Miamba ya Mungomi, ndiyo yenye michoro, iko mbali na barabara, kwa hiyo utahitaji bodaboda au gari lenye nguvu, na njiani kuna mchanga wa mto. Masika mto huo unaweza kukuzuia kabisa. Mimi napenda kuanzia Juni hadi Oktoba. Bei ya bodaboda mpatane ya kwenda, kusubiri na kurudi, tena kabla hujakaa kwenye siti. Mwisho wa njia ni mlima kwa miguu. Vaa viatu vya kufunga. Kandambili ziache gesti. Maji beba lita mbili kila mtu.

Sasa hapo juu ndipo tulipokosea mimi na shemeji. Ukifika, usitoe simu. Kaa chini. Unatoka kwenye jua kali kuingia kivulini, macho bado yamejaa mwanga. Safari ya pili mzee aliyetuongoza alitukalisha akanyamaza. Mimi nikaanza kuona mstari mmoja mwekundu, mwembamba kama uzi. Nikaufuata kama ninavyofuata mshono. Ukawa mguu, ukawa kiuno, ukawa mtu mrefu mwenye kichwa kikubwa kama amesuka au amevaa kitu. Pembeni yake akatokea twiga. Shemeji akasema, "Shem, tembo yule!" kwa sauti mpaka mzee akacheka.

Michoro hiyo myekundu ndiyo ya zamani zaidi, ya maelfu ya miaka. Myeupe, minene, ya kupakwa kama kwa kidole, ilikuja baadaye, na mara nyingine imepakwa juu ya myekundu. Ukiwa na muda nenda pia kijiji cha Pahi uione zaidi. Mwaka 1951 Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikaa huku miezi 3 akinakili michoro, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia. Muulize mwongozaji akuonyeshe picha ya watu watano, wa katikati akiwa kama anavutwa huku na huku. Leakey aliona mwanamke anatekwa. Wengine wanaona ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambayo mchezaji huingiwa na hali ya kuwa simba. Mimi naona harusi yenye ugomvi, lakini mimi nashona magauni ya harusi.

Usiguse mwamba. Usiumwagie maji ili rangi ikolee kwenye picha. Wapo wanaofanya hivyo, na rangi ndiyo inayoharibika. Tena Mungomi bado ni mahali pa watu. Huja kutambika, kuomba mvua, kuombea wagonjwa. Ukikuta dalili za tambiko, usizisogeze. Ukikuta watu wenyewe, rudi nyuma usubiri mwongozaji azungumze nao. Kijijini wengi ni Waislamu, kwa hiyo dada, beba kanga, na salamu itangulie swali lolote. Ukimkuta mzee, shikamoo kwanza, picha baadaye, tena kwa ruhusa.

Ukishuka utakuwa na njaa. Ukiona mahali wana ugali wa uwele na mlenda, kaa hapo. Kurudi Dodoma usingoje jioni, maana mabasi yanayotoka Arusha huwa yamejaa. Panda gari dogo hadi Kondoa ukatafute siti huko.

Shemeji alirudi Dar na picha arobaini za mwamba. Juzi kanitumia moja usiku wa manane, kaizungushia duara jekundu pembeni. Anasema wale watu ni sita. Nimeikuza mpaka simu ikapata moto, bado nahesabu watano.