Namna ninavyomkumbuka Anton Janša bustanini

Kila tarehe 20 Mei namkumbuka Anton Janša kwa kushika jembe. Alibatizwa siku hiyo mwaka 1734 huko Breznica, katika Slovenia ya leo, mtoto wa wakulima waliofuga nyuki. Alikwenda Vienna kusomea uchoraji, lakini nyuki hawakumtoka moyoni, na mwaka 1770 Maria Theresa, mtawala wa Austria, akamteua kuwa mwalimu wa ufugaji nyuki. Alifundisha miaka mitatu tu, akafariki 1773. Tangu 2018 tarehe hiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Nyuki Duniani.

Ninachompendea ni macho yake. Enzi zake wengi waliamini kwamba madume ndio wachota maji wa mzinga. Janša akakataa: kazi ya dume ni kumpanda malkia, tena huko huko angani. Maji huletwa na vibarua, majike wale wale wanaoleta mbochi, yaani maji matamu ya maua, na chavua.

Basi nami huanza na maji. Chukua sahani pana, panga kokoto zichomoze juu ya maji, maana nyuki akikosa pa kusimama anazama. Iache mahali pamoja. Wakishapazoea watarudi hapo hapo. Ioshe na kubadilisha maji kila baada ya siku mbili, mbu wasizalie humo. Kisha chuchumaa utazame. Nyuki anatua kwenye kokoto yenye unyevu, ananyoosha ulimi, tumbo linacheza taratibu, halafu anainuka akiwa mzito. Wewe hakujali kabisa.

Upande wa maua, panda kwa mafungu. Nyuki wa asali akitoka kutafuta chakula kwa kawaida hushikilia aina moja ya ua safari nzima, hivyo fungu moja nene la mrehani humfaa kuliko miche kumi iliyotawanyika. Rangi ya bluu, zambarau na njano anaziona vizuri; nyekundu tupu kwake ni kama giza. Maua yaliyozalishwa yakajaa petali tele yaache, hata yakipendeza vipi, kwani mengi hayana chavua, na mbochi wake haufikiki. Na tafadhali, giligilani ikianza kuchanua usiing'oe kwa kuwa majani yameisha. Iache. Vile viua vyeupe vidogo hujaa wadudu kutwa. Angalia pia miezi ambayo bustani yako haina ua hata moja, upande kitu cha kuziba pengo hilo.

Wapo pia nyuki wasiojua mzinga. Dunia ina zaidi ya spishi 20,000 za nyuki, na wengi wao kila jike huishi kivyake, akichimba shimo ardhini au kutafuta tundu kwenye kijiti kikavu. Waachie pembe moja ya udongo mtupu panapopiga jua, usiilime wala kuifunika. Mianzi membamba, iliyo wazi upande mmoja tu, ifunge pamoja na kuining'iniza pasiponyeshewa.

Sumu ndiyo inayoniumiza moyo. Mwaka mmoja mbawakawa walikuwa wanatafuna maboga yangu, nikapiga dawa asubuhi, maua yakiwa wazi. Jioni nilifungua ua moja lililokuwa limejikunja, nikamkuta nyuki ndani, amekufa, miguu bado ina chavua. Nikafungua la pili, naye yumo. Sikufungua la tatu.

Sasa wadudu wakubwa nawaokota kwa mkono. Vidukari nawaangusha kwa maji ya nguvu, nikianzia chini ya majani ndiko wanakojificha. Ikilazimu kupiga dawa, nasubiri jua lizame na nyuki warudi, na mmea wenye maua siugusi. Usidanganyike na neno "asili": hata dawa ya mwarobaini naipiga kwa masharti hayo hayo.

Ua la boga hufunguka alfajiri, na kufikia adhuhuri limeshajifunga. Kwa hiyo siku ya Janša, maboga yakiwa yamechanua, nasimama kando yake kabla jua halijapanda. Nyuki wa kwanza anazama ndani mpaka haonekani, unasikia mvumo tu, kisha anatoka kinyumenyume, mgongo wote umepakaa unga wa njano.