Namna ya Kufuatilia Asili ya Kigaeli ya Jina la Ukoo Smith
Usikate shauri mapema kwamba kila Smith ana asili ya Uingereza, kwani katika kaunti ya Cavan, nchini Ayalandi, familia nyingi za Mac Gabhann, jina la Kigaeli (lugha ya asili ya Ayalandi, yaani Kiayalandi) lenye maana ya mwana wa mhunzi, zilikuja kuandikwa Smith, yaani mhunzi kwa Kiingereza, chini ya utawala wa Waingereza. Anza na babu unayemfahamu, kisha urudi nyuma kizazi kwa kizazi hadi uipate parokia yake, maana jina peke yake halithibitishi lolote. Sensa za 1901 na 1911, zinazosomwa bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Ayalandi, huonyesha dini, kaunti ya kuzaliwa na lugha. Mzee wa ukoo aliyezungumza Kiayalandi ni dalili yenye uzito ya asili ya Kigaeli. Tafuta pia McGowan na Smyth, namna nyingine za kuandika jina hilo.