Mtunzi wa bendi unataka albamu yako ya kopi kwa biti za kompyuta? Anzia hapa

Juzi nimekutana na jamaa wa bendi moja ya Lindi pale Mnazi Mmoja tunasubiri gari, yeye kama mimi tu, ndo anaetungia bendi yao nyimbo, akaniuliza ivi wewe ulivotoa albamu ya kopi tupu, yaani nyimbo za watu wengine tu, tena bila gitaa hata moja ulianzaje, na wenzako hawakununa? Nikamwelezea mpaka gari ikaja. Naandika na hapa maana najua mpo wengi.

Kwanza kwa nini kopi wakati unajua kutunga. Mtunzi wa bendi akitoka peke yake na nyimbo mpya, kesho yake Mtwara nzima inasema bendi imevunjika, af kweli ugomvi unakuja, maneno yako lakini ile solo kaipiga mwenzako na anajua kabisa ni ya kwake. Ukirudia nyimbo za watu wengine hakuna wa kukudai ndani ya bendi. Ila waambie mapema, kabla hujarekodi chochote, wasije wakasikia baa.

Msimu wa korosho usijaribu. Kuanzia mwezi wa kumi hela ipo, bendi inaitwa Masasi, Newala, Tandahimba, huna usiku wa kwako. Subiri kifuku, msimu wa mvua, mi nilianza mwezi wa pili. Shida ya kifuku ni bati, mvua ikishuka maiki inakamata mvua kuliko wewe, kwa iyo ikinyesha panga biti, ikikata imba. Saa nane usiku ndo kumetulia, kabla jogoo hawajaanza. Zima pangaboi, simamisha magodoro mawili nyuma yako na pembeni, na joto la Mtwara ulivo unalijua, jasho lake we acha tu.

Vifaa sitaongea sana. Laptopu yenye RAM ya 8GB, programu ya kutengenezea muziki kama FL Studio au Reaper, saundikadi ndogo ya kuingizia maiki kwenye laptopu, maiki moja, hedifoni, kinanda kidogo cha MIDI, kile cha kupigia sauti za kompyuta, kama unaweza. Kama huna laptopu, programu ya BandLab ipo kwenye simu na ni bure. Ukiimba weka bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta inaishika kabla ya kuitoa) ndogo kama 128 ili sauti isichelewe masikioni, ukija kumiksi ipandishe.

Sasa kazi yenyewe ni kuchagua nyimbo, na hapa ndo wengi wanapoharibu. Imba wimbo mtupu, bila chombo, unaosha vyombo au unatembea Shangani. Ukisimama wenyewe kwa maneno na sauti, chukua. Ukijikuta katikati unapiga gitaa kwa mdomo, tiriri tiriri, huo uache, utamu wake uko kwenye vidole vya mtu na kompyuta haitaupata. Nimeacha wimbo mmoja wa dansi ninaoupenda kuliko zote kwa sababu iyo iyo, roho iliniuma. Nilibaki na nane, zinatosha.

Ukishachagua usiingize rekodi ya zamani kwenye programu ukaanza kuifukuzia na biti. Wale wazee walikuwa wanapiga bendi nzima kwa pamoja, hakuna klik, ule mdundo wa kuhesabia, masikioni, kwa iyo wimbo unaanza polepole na ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezesha watu, umeshakimbia. Mi nilipoteza wiki nzima nikidhani programu ni mbovu. Fanya ivi, jirekodi kwenye simu ukiimba unavojisikia, gonga gonga kupata tempo, kasi ya wimbo, af jenga biti kufuata kuimba kwako. Na ufunguo uwe wa koo lako, sio wa yule mwimbaji wa kwanza.

Magitaa je? Kwenye dansi solo, ridhim na sekandi solo zinajibizana, ukizipa zote sauti za kinanda cha kompyuta zinajaa sehemu moja na unapata mzinga wa nyuki. Bakisha moja. Mi mara nyingi nilibakisha ridhim, nikaivunja ikawa noti moja moja inazunguka, besi nikaishusha chini kabisa, kati kati nikaacha wazi. Kwenye bendi ukikaa kimya watu wanauliza unalipwa kwa nini, ndo maana sisi watu wa bendi tunaogopa kimya, ila humu ndani kimya ndo kinafanya maneno yasikike.

Chemko usilipandishe tempo. Weka beti kwenye mapigo 84 kwa dakika, ukifika chemko zihesabu ngoma mara mbili, 168, klik ni ile ile lakini mwili unasikia mbio, unaanza kunusa singeli ambayo yenyewe inapita 200 huko. Na kama wimbo una mwendo wa ngoma za kwetu, ule wa sita kwa nane, badilisha gridi, ile mistari ya programu ya kupangia mapigo, iwe ya tatu tatu kabla hujagusa kitu, la sivyo inatoka kama askari wanapita gwaride. Af mapigo yasilingane nguvu, mengine yapige kwa kidole tu.

Haki sasa, usiruke hapa. Tanzania sheria ya hakimiliki ni ya 1999, na utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa iyo wimbo kuwa wa zamani haina maana ni wa bure. Anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, uliza nani anaumiliki. Muda mwingine sio rahisi, angalia Malaika, wimbo umeimbwa dunia nzima na mpaka leo watu wanabishana nani kautunga. Omba ruhusa kwa maandishi, hata kama ni mzee unaemjua na kasema chukua tu mwanangu, mzee akifariki utakutana na watoto. Ukitaka kubadilisha maneno omba na hilo, ni ruhusa nyingine. Na usikate hata sekunde mbili za rekodi ya zamani ukabandika kwenye biti, rekodi ina mwenyewe wake mbali na mtunzi, na YouTube itaikamata hata hujamaliza kushea.

Ukishamiksi toa faili la WAV, sikiliza kwenye spika ya bajaji sio hedifoni tu, besi ikipotea rudi ukairekebishe. Kampuni ya kusambaza itakuuliza kama ni kopi, sema ndio. Jina la wimbo liache kama lilivyo. Ile sehemu ya kuandika jina la mtunzi, kwa mtu uliezoea kuandika jina lako mwenyewe kila wimbo, mkono unasita kidogo, mi wangu ulisita mara nane. Andika la kwao.