Kibodi zimekujaa ndani? Zitengenezee databesi unayoweza kusachi

Wale wenzangu wa kibodi za mekanika, zile ambazo kila batani ina swichi yake chini, mnajua inavyoanza: unanunua moja, ya pili unapewa, ya tano unaitoa kwenye lundo la kompyuta za mtumba, ghafla ziko thelathini na mtu akiuliza "una yenye Cherry nyekundu?" (Cherry ni kampuni ya swichi) unaanza kupindua maboksi. Mi nilianza na Excel ikanikomesha. Swichi ileile nimeiandika mara "MX Red", mara "Cherry nyekundu", mara "mx red ya zamani", sasa nikisachi moja naletewa mbili kati ya sita.

Kwa hiyo kabla ya kugusa programu chora tebo tatu kwenye karatasi.

Ya kwanza ni swichi, kila swichi inaandikwa mara moja tu: jina, kampuni, aina (inateleza tu, ina kigongo, au ina mlio), uzito wa kuibonyeza, umbali inaoshuka. MX Red ni ya kuteleza, gramu 45, inashika kwenye milimita 2 na kufika chini kwenye 4. Uzito andika 45 tupu, usiandike "45g", maana ukiandika herufi kompyuta inapanga kama maneno na "100g" itakaa kabla ya "60g".

Ya pili ni modeli, ya tatu ni kibodi yenyewe uliyoishika mkononi, na hapa ndo wengi wanachapia. Chukua IBM Model M namba 1391401, ile ya Kimarekani ya batani 101. Modeli ni moja, ila geuza nyuma usome lebo: kuna zilizotengenezwa na IBM wenyewe na kuna za Lexmark, waliojitenga na IBM 1991, na kila moja ina tarehe yake. Kwa hiyo mtengenezaji na tarehe vinakaa tebo ya tatu. Mpangilio nao usiandike "kubwa", andika idadi ya batani na umbo la Enter, zile za Uingereza Enter yake ni ndefu kwenda chini na Shift ya kushoto fupi.

Kitu kingine, ya lebo yaandike kama yalivyo, ya kukisia yawe na kolamu yake. Ukichomoa kava ukakuta shina jekundu usikimbilie kuandika Cherry, wanaoiga ni wengi na wanatumia rangi zilezile, angalia kama jina lao limechongwa kwenye swichi. Kama hujui acha wazi kabisa, ukijaza "sijui" itakuja kukusumbua kwenye matokeo.

Sasa programu. SQLite, programu ya databesi, inatosha, ni bure, databesi nzima ni faili moja, bakapu ni kukopi tu. Ukishajaza zile tatu tengeneza tebo ya kusachi:

CREATE VIRTUAL TABLE tafuta USING fts5(modeli, namba, majina, maelezo, tokenize='trigram');

Kolamu ya majina ndo dawa yenyewe, humo mwaga kila jina ambalo mtu anaweza kuita hiyo kibodi, hata la mtaani. Rowid, yaani namba ya kila mstari, ifanye iwe sawa na namba uliyoipa kibodi kwenye tebo ya tatu ili uweze kurudi kule. Halafu:

SELECT modeli FROM tafuta WHERE tafuta MATCH '"1391"';

Hiyo trigram, yaani kukata maneno vipande vya herufi tatu tatu, inakuletea hata kipande cha namba, raha sana kwa lebo zilizochubuka, ila inataka toleo la SQLite 3.34 kwenda juu. Zile nukuu mbili za ndani usiziache, bila hizo ukisachi kitu chenye kistari kama mx-red inakutupia era. Na ukiandika MX peke yake hupati kitu, haijaharibika, inaanzia herufi tatu.