Kupima Heller 20 za Tabora Zilizochakaa

Heller 20, sarafu zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vimeitenga Afrika Mashariki ya Kijerumani na Ulaya, hazipimwi ubora kwa kipimo cha sarafu zilizotoka Berlin au Hamburg, kwa sababu nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na chapa hafifu. Shika sarafu kwa ukingo, iinamishe chini ya taa ya pembeni, kisha uchunguze kwa lenzi taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, jina la koloni hilo kwa Kijerumani), mwaka na herufi T (ya Tabora). Sehemu iliyochakaa mkononi huwa laini na bapa, hasa pale palipoinuka zaidi, ilhali sehemu ambayo haikupigwa vizuri hubaki na ukwaruzo wa asili wa madini, hata kama herufi yake haisomeki. Kutofautisha hayo mawili ndiyo kazi yenyewe, na wauzaji wengi, kwa makusudi au la, huyachanganya.

Andika kama ni ya shaba nyekundu au ya njano. Usiisugue kamwe: mimi huchagua sarafu iliyofifia yenye rangi yake ya kale kuliko inayong'aa kwa kusuguliwa.