Potasiamu: namna ya kuiongeza, na namna ya kuipunguza, kuanzia jikoni

Kabla hujaanza kuongeza madini ya potasiamu kwenye chakula, jua kwanza hali ya figo zako. Figo zenye afya hutoa kwa mkojo karibu asilimia 90 ya potasiamu inayoingia mwilini, kwa hiyo ni vigumu mtu mwenye afya kuizidisha kwa chakula tu. Figo zikichoka, potasiamu hurundikana kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Kiwango cha kawaida ni takriban milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita moja ya damu. Unapotolewa damu ya kupima, usikunje na kukunjua ngumi mara kwa mara: misuli ya mkono humwaga potasiamu, na majibu yakatoka juu bila sababu.

Kama figo zako hazina tatizo, lengo ni angalau miligramu 3,510 kwa siku kwa mtu mzima, kadiri ya Shirika la Afya Duniani. Ndizi mbivu inasifiwa kupita kiasi. Ya wastani ina kama 420 tu. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina takriban 700, nusu ya parachichi karibu 500, na kiazi kikubwa kilichookwa na ganda lake hufika 900. Ukila vyote hivyo kwa siku, umeshapata kama 2,500, na zinazobaki hutoka kwenye mboga za majani, matunda na maziwa. Punguza na chumvi pia, maana potasiamu husaidia kushusha shinikizo la damu kwa kuzifanya figo zitoe sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi.

Moto hauharibu potasiamu. Maji ndiyo huibeba. Anayeitaka aoke, apike kwa mvuke, au achemshe kwa maji kidogo na mchuzi aunywe.

Aliyeambiwa na daktari aipunguze afanye kinyume. Menya viazi, vikate vipande vidogo vyembamba, viweke kwenye maji mengi yanayovifunika kabisa, chemsha, kisha mwaga maji. Tia maji mapya, chemsha tena hadi viive, mwaga tena. Njia hii huweza kuondoa nusu ya potasiamu au zaidi. Kuviloweka usiku kucha bila kuvichemsha hakusaidii sana, ingawa wengi hutegemea hilo. Kosa jingine ni kuchemsha viazi vizima, au kuyarudisha yale maji kwenye mchuzi. Hatari zaidi ni chumvi mbadala ya “sodiamu kidogo”: nyingi zina kloridi ya potasiamu. Soma lebo, hasa ukiwa na ugonjwa wa figo au unatumia dawa za shinikizo la damu na moyo kama losartani, enalaprili au spironolaktoni.

Potasiamu hushuka kwa kuharisha, kutapika, au dawa za kuongeza mkojo kama furosemidi. Misuli hulegea au kukakamaa, na choo huwa kigumu. Ukiandikiwa vidonge vya potasiamu vinavyoyeyuka polepole, vimeze vizima baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji. Ukivitafuna, dawa yote hutoka kwa mkupuo na kuunguza tumbo. Kiwango kikigoma kupanda, omba upimwe madini ya magnesiamu, kwani yakipungua, figo huendelea kuvujisha potasiamu.

Potasiamu ikizidi mara nyingi haitoi dalili. Mgonjwa wa figo anayehisi miguu imeisha nguvu ghafla au moyo unaruka mapigo aende hospitali saa hiyo hiyo.