Taa ndogo ya mita itakuonyesha kinachokula umeme

Nimejifunza hili juzi tu: ile taa nyekundu inayopepesa kwenye mita ni kipimo kamili. Tafuta kwenye uso wa mita namba iliyoandikwa imp/kWh, mara nyingi 1000 au 1600. Hiyo ndiyo idadi ya mipepeso kwa kila uniti moja. Kama ni 1000, hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, kisha gawa 3600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika nyumbani muda huo. Sekunde 36 ni wati 100. Sekunde 2 ni wati 1800, na hapo ujue kuna pasi, hita au birika linalofanya kazi. (Mita ya 1600, anza na 2250 badala ya 3600.)

Sasa zima vyote kwenye swichi ya ukutani, si kwa rimoti, maana televisheni iliyozimwa kwa rimoti bado inavuta umeme kidogo. Taa ikiendelea kupepesa, kuna kitu kimesahaulika. Hita ya maji ndiyo ya kwanza kuishuku. Kisha washa kimoja kimoja huku ukipima.

Friji itakupotosha, kwa sababu hujiwasha na kujizima yenyewe, kwa hiyo ichomoe kwa dakika hizo chache. Mita za zamani zenye kisahani kinachozunguka hazina taa hii, na mkitumia mita moja na majirani, hesabu haitakuwa yako peke yako.